Ukadiriaji wa Thamani ya Biashara ya Ubia na Mwenendo wa Kikao Kinachoipitisha

Mbia anapofariki au kujitoa, hulazimu kujua biashara ina thamani gani ili fungu lake lilipwe. Jambo hili huchukuliwa kuwa la kihasibu. Makala haya yanadai kwamba, katika biashara ndogo ambazo hisa zake haziuzwi sokoni, mpangilio wa kikao huathiri kiasi kinachofikiwa sawa na hesabu yenyewe.

Mbinu zilizozoeleka za ukadiriaji ni tatu. Ya kwanza hujumlisha mali na kutoa madeni. Ya pili hutazama faida inayotarajiwa. Ya tatu hulinganisha na bei zilizolipwa kwa biashara zinazofanana. Hii ya mwisho haina msaada mkubwa hapa, kwani bei za mauziano madogo hazitangazwi.

Chukulia mfano wa kubuni wa mashine ya kusaga nafaka ya wabia wawili wenye mafungu sawa. Mali yote ingeuzwa kwa shilingi 15,000,000, na deni ni shilingi 2,000,000. Kwa mbinu ya kwanza, thamani ni shilingi 13,000,000. Daftari linaonesha faida ya shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Ikikubaliwa kwamba mnunuzi arejeshe fedha zake kwa miaka mitatu, mbinu ya pili inatoa shilingi 36,000,000. Hata hivyo, mbia anayeendesha mashine hajilipi mshahara. Mwendeshaji wa kuajiriwa angelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka. Faida halisi basi ni 7,200,000, na thamani hushuka hadi 21,600,000. Hivyo, fungu la warithi wa mbia aliyefariki linaweza kuwa shilingi 18,000,000, 10,800,000 au 6,500,000, na kila kiasi kina mtetezi wake. Kosa la kusahau ujira wa mwenye mali ndilo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lisiloonekana daftarini.

Tofauti kati ya thamani ya vyuma na thamani ya biashara hutokana na wateja waliozoea na mahali ilipo. Wafanyabiashara wa mijini hulijua jambo hili vyema: hulipana kilemba ili kuachiana frem, ingawa kilemba chenyewe ni nadra kuandikwa popote.

Kuhusu kikao, utafiti wa Amos Tversky na Daniel Kahneman uliochapishwa mwaka 1974 una funzo la moja kwa moja. Watu waliombwa kukadiria asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa baada ya kuona gurudumu la namba likizungushwa. Walioona 10 walikadiria 25 kwa wastani wa kati; walioona 65 walikadiria 45. Ikiwa namba isiyohusiana na swali huvuta makadirio kiasi hicho, bei ya kwanza kutajwa na mbia aliye hai, mbele ya wafiwa wasiowahi kulifungua daftari, itavuta zaidi. Aidha, heshima kwa mkubwa huwafanya warithi wanyamaze, na ukimya wao huandikwa kuwa ridhaa.

Kwa hiyo inafaa kikao cha kwanza kisitaje bei yoyote. Warithi wapewe nakala za daftari na stakabadhi siku kadhaa kabla, kisha, chini ya mwenyekiti asiye na maslahi, wahusika wakubaliane mbinu, ujira wa mwendeshaji na miaka ya kurejesha fedha. Makubaliano hayo yaingie katika muhtasari na kutiwa saini. Kikao cha pili hubaki na kazi ya kupokea tathmini ya fundi na kukokotoa. Wabia wanaweza pia kuyapanga haya mapema katika mkataba wao, kwa kuwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayobeba masharti ya ubia Tanzania Bara, inawapa nafasi hiyo.

Utaratibu huu una gharama. Mashine huendelea kusaga kati ya kikao kimoja na kingine, na mapato ya siku hizo hubaki mikononi mwa anayeiendesha. Hivyo ajenda ya kwanza ya kikao cha kwanza iwe ni nani atakayeyatunza, na kwa daftari lipi.