Upanga, sime na sihiri: neno "mchawi" katika michezo ya fantasia

Michezo ya mezani ya kuvaa uhusika huchezwa na watu wachache wanaoketi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake wa kubuni. Mmoja wao, ambaye hapa ataitwa msimulizi, huwaeleza wenzake mahali walipo na yanayowakuta. Wao husema wanavyotenda, na dadu huamua kama wamefaulu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mandhari yake yalichota mengi katika hadithi ambazo mwandishi Fritz Leiber alizipatia jina mwaka 1961, jina ambalo likifasiriwa neno kwa neno huwa "upanga na uchawi". Katika jina hilo mna maneno mawili tu ya maana, na yote mawili humtega mfasiri wa Kiswahili. La kwanza humtega kidogo. La pili humtega vibaya.

Yafaa kwanza kukumbuka hadithi zenyewe zilivyo. Conan wa Robert E. Howard, aliyechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1932, ni mtu wa misuli na upanga, na uchawi kwa kawaida uko upande wa adui yake. Katika hadithi za namna hiyo neno "mchawi" halisumbui, kwa kuwa anayeitwa hivyo ni mwovu kweli. Michezo ya mezani ndiyo iliyogeuza mambo: iliufanya uchawi kuwa kazi ambayo mchezaji huichagua kwa hiari, sawa na uaskari au ujasusi. Mchezaji huketi mezani na kusema, kwa Kiingereza na bila aibu yoyote, kwamba yeye ndiye mchawi wa kundi. Akiyasema hayo kwa Kiswahili, amesema jambo jingine kabisa.

Chukua mfano wa darasa la tafsiri mjini Arusha linaloamua kubuni mandhari ya mchezo kwa kuutazama Mlima Meru. Mlima huo hauhitaji kuongezewa chumvi. Ubavu wake wa mashariki ulibomoka zamani za kale, ukaacha shimo kubwa lenye umbo la kwato ya farasi, na ndani ya shimo hilo kikainuka kilele kidogo cha majivu. Mlipuko wa mwisho unaojulikana ulikuwa mwaka 1910. Chini yake, upande huohuo, yako maziwa ya Momella ambayo rangi za maji yake hazifanani, pamoja na kasoko ya Ngurdoto iliyozungukwa na msitu. Kwenye miteremko wanaishi Wameru, wenye lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga, na Waarusha, wasemao Kimaa lakini wakalima migomba na mahindi. Mwandishi wa fantasia wa Ulaya angelazimika kuyabuni yote hayo.

Hata hivyo mandhari haya hayako tupu. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa chini ya mlima huu na wapiganaji wa eneo hilo. Askari wa Kijerumani wakaja kulipiza kisasi, na miaka michache baadaye boma lao likasimama Arusha, ambalo leo ni makumbusho. Silaha ambazo mchezaji atamvisha mhusika wake zilitumika hapa kwa kweli, na wajukuu wa waliozishika bado wapo.

Kuna mwandishi mmoja wa nje aliyewahi kuja karibu na mandhari haya kwa njia ya kubuni, na kazi yake ina somo kwa wanaosoma lugha. Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada, alichoshwa na fantasia zilizowafanya Waafrika kuwa washenzi wa pembeni, akamuumba shujaa Imaro. Bara la kubuni la Imaro linaitwa Nyumbani, na watu wa mama yake, Ilyassai, wameigwa kutoka kwa Wamaasai. Hadithi moja ya awali, ya mwaka uleule wa 1974, ilipewa jina "M'ji Ya Wzimu". Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba jina hilo limetungwa kwa kamusi bila sarufi: "mji" uko katika ngeli ya U-I na hudai kiunganishi "wa", "wazimu" haliwezi kupoteza irabu yake, na ritifaa baada ya M haina kazi. Ilipaswa kuwa "Mji wa Wazimu". Kosa ni dogo na nia ilikuwa njema. Tena lina bahati yake, maana "wazimu" na "mzimu" ni maneno ya shina moja, na mji wa wazimu hauko mbali na mji wa mizimu.

La maana zaidi ni alilofanya Saunders baadaye. Kitabu cha Imaro cha mwaka 1981 kilikuwa na sehemu iliyosimulia mapambano ya jamii mbili, moja ikiitawala nyingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, mwandishi aliona kuwa kisa hicho kimefanana mno na msiba wa watu halisi, na toleo jipya la mwaka 2006 lilipotoka, sehemu hiyo ilikuwa imeondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake. Mtu aliyebuni bara zima alikubali kwamba kuna mahali ambapo ubunifu huacha kuwa mchezo.

Sasa maneno yenyewe. "Upanga", wingi "panga", ni silaha ya vita. Kutokana na wingi huo wasemaji wameunda umoja mpya, "panga", wingi "mapanga", kwa maana ya chombo cha kufyekea na kukatia. Mfasiri anayeandika "shujaa alichomoa panga lake" amempeleka shujaa shambani. Anayetaka silaha aandike "alichomoa upanga wake alani", kwa kuwa upanga hukaa katika ala na panga huegemezwa ukutani. Kamusi za zamani za pwani zilitofautisha pia upanga wa feleji, mrefu, ulionyooka na wenye makali pande mbili, na upanga wa imani, mfupi zaidi. Michezo hii hupenda sana kupambanua upanga mrefu na mfupi, na istilahi hizo zimelala tu kabatini. Kwa upanga uliopinda kuna "kitara". Kwa kisu kilichopinda cha kiunoni kuna "jambia".

Katika mandhari ya Meru, hata hivyo, upanga wa kweli ni sime: mfupi, wenye makali pande mbili, unaopanuka kuelekea nchani, katika ala ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Wenye Kimaa huuita olalem. Wafuaji wake kati ya Wamaasai walikuwa Ilkunono, wahunzi ambao jamii iliwahitaji kwa silaha lakini ikakataa kuoana nao, ikiamini kuwa kazi yao ina najisi inayoambukiza. Mbuni wa mchezo anayetafuta mahali ambapo upanga na nguvu zisizoonekana hukutana asihangaike na mapango. Aanze na kiwanda cha mhunzi.

"Mchawi" ndilo tatizo kubwa. Katika Kiswahili neno hili halikuwa jina la kazi, na hakuna anayelitumia kujitambulisha. Ni neno analopewa mtu na wengine, nalo lina uzito wa shtaka. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya Waingereza na ambayo bado ni Sura ya 18 ya sheria za Tanzania, humtia hatiani hata anayejidai tu kuwa na uwezo huo. Nje ya mahakama hali ni mbaya zaidi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza hasa, wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya kupikia moshini, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu ya imani zinazotoka katika chungu hichohicho. Mwanafunzi wa Arusha ambaye bibi yake anaishi peke yake kijijini hatalisikia neno hili mezani kama anavyolisikia mchezaji wa Chicago.

Basi kutafsiri jina la aina hii kuwa "upanga na uchawi" si kosa la sarufi, ila ni uzembe. "Upanga na sihiri" ni afadhali. Sihiri, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya uchawi na pia ya mvuto unaopumbaza. Sauti ya mwimbaji huweza kumsihiri mtu bila kumdhuru. Ni kweli kwamba msomaji Mwislamu ataikumbuka sihiri kama dhambi, na hilo mfasiri alijue. Lakini hakuna kikongwe aliyekatwakatwa kwa kuitwa "msihiri". "Mazingaombwe" na "kiinimacho" hazifai kuwa jina la jumla, kwa kuwa zote mbili humaanisha kudanganya macho. Zinafaa kwa mhusika ambaye ustadi wake ni huo tu.

Kwa mhusika wa mchezaji, Kiswahili kina maneno mengi kuliko mchezo wenyewe unavyohitaji. Mganga, kutoka kitenzi "ganga", hutibu. Neno hili lina heshima yake ya kiserikali: kila mkoa una Mganga Mkuu, naye ni daktari mwenye shahada, asiye na pembe wala tunguri. Kwa hiyo muktadha usipojitosheleza, iandikwe "mganga wa tiba asili", kama sheria ya mwaka 2002 inavyowaita. Kinyume cha "ganga" ni "gangua", kuondoa uchawi aliotiwa mtu, na afanyaye hivyo ni mganguzi. Hilo ni neno zuri sana lililosahauliwa, na linamfaa barabara mhusika anayevunja nguvu za adui. Mwaguzi huagua, yaani hubaini chanzo cha maradhi au msiba. Anayekinga nyumba huizindika. Kinga yenyewe ni zindiko, au kago, au fingo ikiwa imefukiwa ardhini. Waziri anapozindua barabara leo hakumbuki kuwa anatumia kitenzi cha ukoo huohuo. "Mpiga ramli" litumiwe kwa uangalifu: Januari 2015 serikali ya Tanzania iliwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na msemo "ramli chonganishi" umebaki katika lugha ya habari kwa maana ya uaguzi unaomtaja jirani kuwa adui.

Linabaki neno "laiboni", ambalo wengi wangependa kulinyakua kwa kuwa ni la hapahapa. Kimaa husema oloiboni. Huyu ni mtabiri na mshauri wa mambo ya kiroho, na cheo chake mashuhuri kimefuata ukoo wa Inkidongi, ambao jina lake linatokana na kibuyu au pembe yenye mawe ya kuagulia. Mbatian, aliyefariki karibu na mwaka 1890, ndiye maarufu kuliko wote, na ugomvi wa wanawe Lenana na Sendeyo umeandikwa katika historia ya Kenya na Tanzania. Laiboni, kwa hiyo, ni mtu wa ukoo fulani, katika jamii fulani, iliyopo. Kuliandika neno hilo kwenye karatasi ya mhusika aliyetoka nchi ya mazimwi ni sawa na kuandika "askofu wa Kilutheri wa Arusha". Mchezo unaoitaja jamii ya Kimaa kwa jina lake unaweza kulitumia. Mchezo wa nchi ya kubuni utumie "mwaguzi" au "mtabiri". Ila wazo la mawe yanayomwagwa kutoka kibuyuni na kuhesabiwa litamvutia msimulizi yeyote aliyechoka na dadu.

Jambo dogo la sarufi kuhusu maadui: methali husema "zimwi likujualo halikuli likakwisha", kwa upatanisho wa LI-YA, ilhali Kiswahili sanifu cha leo hukubali "zimwi alimla". Msimulizi anaweza kutumia yote mawili kwa makusudi. Zimwi linalonguruma gizani lisilo na jina libaki na "li-"; likishaanza kuzungumza na kudai fidia, limekuwa mhusika na linastahili "a-".

Na mchawi je, aondolewe mezani kabisa? Si lazima. Neno likae katika vinywa vya wanakijiji wa mchezo, mahali pake pa asili, kama shtaka. Wachezaji wafike kwenye kijiji kilicho chini ya mlima uliobomoka, wakute ng'ombe wamekufa, na watu wote wakimwonyesha kidole mwanamke mmoja anayeishi karibu na ziwa. Mganguzi wa kundi atalazimika kuagua kwanza, na msimulizi ndiye pekee anayejua kama wanakijiji wamesema kweli.