Oili ya Giaboksi ya Otomatiki: Kazi ya Nyumbani Yenye Masharti Yake



Hapa Marekani gari si anasa. Ndilo limpelekalo baba zamu ya usiku, mama kazini, na watoto shuleni na madrasa. Likisimama, shughuli za nyumba nzima husimama. Na katika maradhi ya gari, ni machache yanayogharimu kama kufa kwa giaboksi ya otomatiki: matengenezo yake aghalabu hufikia maelfu ya dola, na kwa gari kuukuu yaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe hapa ni oili iliyochakaa, na mtu makini aweza kuibadilisha nyumbani, maadamu atatimiza masharti matatu: oili iwe ndiyo hasa, kipimo kiwe sahihi, na usalama utangulie.

Yafaa kwanza tufahamu kazi ya oili hii. Ile ya injini hulainisha na kupoza. Hii ya giaboksi hufanya hayo na zaidi: shinikizo lake ndilo linalokaza klachi na kubadilisha gia, na kwa njia yake nguvu ya injini hupita katika toki konveta, yaani kile chombo cha duara kilicho kati ya injini na giaboksi. Joto na vumbi laini la klachi huichosha kadiri miaka inavyokwenda.

Baadhi ya watengenezaji wa magari huandika kwamba oili hii ni ya maisha yote ya gari. Maneno hayo yapokelewe kwa tahadhari. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo yenyewe huunda giaboksi, inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, yaani takriban maili 50,000 hadi 75,000, au ifikapo miaka 8. Anayevuta mzigo au kushinda katika foleni za mjini asingoje mwisho wa kipimo hicho.

Sharti la kwanza ni oili yenyewe. General Motors ilipotoa giaboksi ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, aina za oili zilikuwa chache. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 oili hizo zilitiwa hata mafuta ya nyangumi, ili klachi zishike bila kushtuka. Leo kila kampuni ina kanuni yake: Toyota nyingi za karibuni hutumia WS, Honda DW-1, na magari mengi ya General Motors Dexron VI. Giaboksi za CVT, zisizo na gia za ngazi, zina oili yao mbali kabisa. Rangi nyekundu si ushahidi kwamba chupa mbili zina kitu kimoja. Somo kitabu cha gari, nunua kilichotajwa humo, wala usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa.

Sharti la pili ni kipimo. Ukimwaga oili kwa plagi ya chini, haitoki yote. Nyingi hubaki ndani ya toki konveta, na kwa magari mengi kinachotoka ni kati ya theluthi na nusu. Basi ikinge katika chombo safi, iache ipoe, uipime, kisha urudishe kiasi kile kile. Ikipungua, pampu huvuta hewa na gia huteleza. Ikizidi, hufanya povu, na povu halina shinikizo.

Baada ya kujaza, washa injini ukiwa umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia polepole katika kila nafasi, urudi P. Kwa magari mengi yenye kijiti cha kupimia, kipimo huchukuliwa injini ikiwa na moto na inanguruma, gari likiwa mahali tambarare. Honda nyingi, kinyume chake, hupimwa mara baada ya injini kuzimwa. Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti: hupimwa kwa plagi maalumu, oili ikiwa na joto lililowekwa na kampuni. Asiye na kifaa cha kusoma joto hilo ampelekee fundi gari lake, si aibu.

Sharti la tatu ni usalama, nalo ndilo kubwa. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liegeshe juu ya saruji tambarare, ziba magurudumu, kisha liketishe juu ya stendi imara na ulitikise kabla ya kuingia. Oili iwe vuguvugu, si ya moto wa kuunguza. Vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali.

Hakikisha pia plagi unayoishika ni ya giaboksi, si ya injini. Na kabla ya kufungua ya kumwagia, fungua kwanza ya kujazia. Ukimwaga kisha ile ya kujazia ikakataa kufunguka, gari halitoki hapo ila kwa kuvutwa.

Ikiwa gari lako lina filta ndani ya sampu, sampu hushushwa, filta na gasketi huwekwa mpya, na bolti hukazwa kwa zamu, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Utaona sumaku ndani yake. Tope laini la kijivu ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma ni dalili ya maradhi. Vivyo hivyo, giaboksi ambayo tayari inateleza au oili yake inanuka kuungua ionwe na fundi kwanza. Oili mpya ni kinga, haifufui klachi zilizokwisha.

Wenye magari yaliyo bado katika dhamana wasitishwe. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 haimruhusu mtengenezaji kukunyima dhamana kwa sababu tu ulifanya huduma ya kawaida mwenyewe. Lakini ushahidi ni juu yako: weka risiti za oili na filta, na uandike daftarini tarehe na maili. Wanaoishi katika nyumba za kupanga wasome mkataba kwanza, kwani mingi hukataza matengenezo katika maegesho.

Mwisho, oili chafu isimwagwe mtaroni wala jalalani. Idara ya serikali ya Marekani ya kulinda mazingira, EPA, inaonya kwamba oili ya gari moja inayotolewa mara moja yaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi. Itie katika chupa zenye kifuniko, usiichanganye na kitu kingine, uipeleke kwenye duka la vipuri. Mengi huipokea bila malipo. Kisha kwa siku chache zinazofuata, kila asubuhi tazama chini ya gari. Tone jekundu sakafuni lakutaka urudi kuikagua ile plagi kabla hujaondoka.