Tope la Masako na sayansi ya kutokwama

Mvua kubwa ikiipiga Kisangani alasiri, mwendesha pikipiki aliyeko kilomita 14 au 15 nje ya mji, kwenye barabara ya zamani ya Buta, ana uamuzi wa kufanya. Aondoke mvua ikiwa bado inanyesha, au asubiri ikatike? Wengi wangesubiri, kwa kuwa maji mengi yanaonekana kuwa ndiyo balaa lenyewe. Kwa tope mambo hayaendi hivyo. Saa moja hivi baada ya mvua kukatika, jua likianza kutoka, ndipo barabara inapokuwa mbaya kuliko wakati mwingine wowote. Anayejua sababu yake ameshajua nusu ya kazi ya kushindana na pikipiki kwenye matope.

Ninaandika juu ya mashindano ya watu wasiolipwa, wanaotoka kazini Ijumaa na kupakia pikipiki kwenye pikapu. Yapo ya aina mbili kubwa. Motokrosi hukimbiwa kwa mizunguko kwenye uwanja mfupi wa udongo, wote wakianza pamoja. Historia yake huhesabiwa tangu shindano la Camberley, Uingereza, tarehe 29 Machi 1924. Enduro ni safari ndefu ya porini inayopimwa kwa saa. Kwa Afrika Mashariki, Uganda ina viwanja vinavyojulikana vya motokrosi, Busiika kaskazini mwa Kampala na Garuga karibu na Entebbe, na Kenya ina wachezaji wake wa miaka mingi.

Masako, mahali pale pale kwenye barabara ya Buta nje ya Kisangani, Kongo, haina uwanja. Ina hifadhi ya msitu ya hekta 2,105 iliyotengwa mwaka 1953, ndani ya pindo la mto Tshopo, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamechunguza panya, popo na miti kwa miongo kadhaa. Ina barabara ya udongo. Na ina vijana wanaopita hapo na pikipiki zilizobeba makaa, mihogo na ndizi kwenda mjini. Msimamo wangu ni kwamba vijana hao wameshaujua mchezo wa tope kuliko wengi wenye vikombe, kwa sababu ufundi wake ni ule ule wa kubeba mzigo: kutokatisha mwendo, kutoshtuka, kutotumia nguvu pasipotakiwa nguvu. Wanachokosa ni vifaa, na labda mtu wa kuwaeleza kwa nini wanachokifanya kinafanya kazi.

Tuanze na udongo wenyewe, maana ndiye mpinzani halisi. Udongo wenye mfinyanzi hubadilika tabia kadiri unavyopata maji. Mkavu, ni mgumu na hutoa vumbi. Ukipata unyevu kidogo, chembe zake hushikana, na hapo tairi hupata mshiko mzuri ajabu. Kila mshindani huomba akute uwanja katika hali hiyo. Maji yakiongezeka, unaanza kunata: unaganda kwenye tairi, kwenye spoki, kwenye buti, na haubanduki. Yakizidi tena, unalegea na kutiririka. Mpishi wa ugali anaijua safari hii ikienda kinyume, kutoka uji hadi donge linalong'ang'ania mwiko.

Mvua inapomwagika, barabara iko kwenye hali ya uji. Inateleza, ni kweli, lakini tairi linapozunguka hurusha tope nje na meno yake hubaki wazi. Mvua ikikatika, maji hushuka chini na mengine huvukizwa, uji unarudi kuwa donge, na donge halirushwi. Lita moja ya tope zito hukaribia kilo 2. Lita 10 zikikwama chini ya madigadi, kuzunguka injini na katikati ya spoki, umebeba karibu kilo 20 ambazo hazikuwepo ulipoondoka, na sehemu yake iko kwenye magurudumu, mahali pabaya kuliko pote pa kuongeza uzito. Ndiyo maana mshindani mzoefu akiona wingu jeusi dakika chache kabla ya bendera hafadhaiki. Anachokiogopa ni mvua iliyonyesha usiku kucha ikakoma alfajiri.

Wahandisi wa barabara wana kipimo kimoja kisichohitaji hata umeme, nami ningependa kila mwendesha pikipiki akijue. Chukua kidonge cha udongo wa njia unayotaka kupita, ukiviringishe juu ya kitu laini kwa kiganja hadi kiwe uzi wenye unene wa milimita 3. Ukikatika-katika ukifika hapo, udongo uko mpakani: mshiko upo, lakini maji kidogo tu yakiongezeka utaanza kunata. Ukiweza kuuviringisha mwembamba zaidi bila kukatika, umeshavuka mpaka huo, na jiandae kusafisha madigadi njiani. Usipoviringika kabisa, unapakaa tu kiganjani, uko karibu na uji. Dakika mbili za kuchutama kando ya njia zinakwambia upige tairi upepo kiasi gani na ushike gia ipi.

Udongo wa Kisangani una upole wake. Ni udongo wa kale wa ukanda wa ikweta, mwekundu na wa manjano, ulioloweshwa na mvua kwa muda mrefu mno hata madini mengi yakaoshwa. Mfinyanzi uliobaki ndani yake ni hasa wa aina ya kaolini, usiovimba sana ukipata maji. Ule udongo mweusi wa mbuga, unaojulikana vizuri na watu wa Kenya na Tanzania, ni kitu kingine. Mfinyanzi wake hunywa maji na kuvimba, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono, na ukilowa unaweza kulifunga gurudumu la pikipiki ndani ya mita chache. Dereva wa Masako akipelekwa huko asidhani ujuzi wake utamtosha siku ya kwanza.

Ila Kisangani ina shida yake, nayo ni kukosa jua. Mji uko karibu kabisa na ikweta, hupata mvua ya takriban milimita 1,700 hadi 1,800 kwa mwaka, na hakuna miezi ya kiangazi cha kweli. Barabara ikipita chini ya matawi ya msitu haikauki. Wajenzi wa zamani walilijua hilo. Walifyeka ukanda mpana kila upande ili jua na upepo viifikie njia, wakachimba mitaro, wakaweka wafanyakazi wa kuitunza kwa jembe na koleo, na mvua ikinyesha vizuizi vilishushwa ili malori yasipite hadi barabara ikauke. Vizuizi vya mvua bado vinajulikana Kongo. Pale visipoheshimiwa, lori moja likipita kwenye donge huacha mifereji miwili mirefu, mvua inayofuata hutiririka humo na kuichimba, na baada ya muda pikipiki inabaki na utepe mwembamba wa katikati au ukingo chini ya miti. Kuendesha juu ya utepe huo ukiwa na gunia nyuma ni enduro kamili. Linalokosekana ni saa ya kupima na kombe.

Kwenye pikipiki yenyewe, angalia kwanza gurudumu la mbele. Boxer na TVS zinazotumika kwa abiria zina madigadi ya mbele iliyokaa karibu sana na tairi. Barabarani ni jambo zuri, haikurushii maji usoni. Kwenye donge, tope huingia katika ule mwanya mdogo, linashindiliwa kila tairi linapozunguka, hadi gurudumu linasimama kabisa na pikipiki inaburuzwa ikiwa imejifunga yenyewe. Hapo injini haina hatia. Mtu akizidisha mafuta gurudumu la nyuma huchimba shimo, na klachi huanza kunuka. Pikipiki za mashindano zina madigadi ya juu, yenye nafasi ya kuingiza ngumi. Ndiyo sababu Yamaha DT na AG, zilizobeba mapadri na wauguzi katika vijiji vya Kongo kwa miaka mingi, hupita pale ambapo pikipiki za mjini husukumwa. Aliye na Boxer anaweza kuivua madigadi ya chini au kuiinua kwa vyuma vya fundi kabla ya kuingia njiani. Ni kazi ya spana moja, na hakuna badiliko jingine la bei ndogo lenye faida kubwa hivyo.

La pili ni upepo. Tairi la nyuma lenye upepo wa paundi 30 na uzito wa kilo 100 juu yake hugusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 50 hivi. Upunguze upepo nusu, eneo hilo hukaribia mara mbili. Washindani wa motokrosi hutumia paundi 12 hadi 14, lakini matairi yao yana kibano ndani ya rimu kinacholizuia tairi lisijizungushe peke yake na kung'oa valvu ya tyubu. Pikipiki ya kawaida haina kibano hicho, kwa hiyo nisingeshuka chini ya 18, na ningerudisha upepo kabla ya kufika lami. Tairi kipara halisaidiwi na kipimo chochote.

Maji nayo yana njia zake. Injini ikivuta maji kupitia chujio la hewa, pistoni inapanda na kukutana na kitu kisichobanika, na fimbo yake inaweza kupinda. Ikizimikia ndani ya kijito, usiipige kiki hata mara moja. Itoe nje, fungua plagi, ndipo upige kiki polepole ili maji yatokee kwenye tundu la plagi. Mwaga na yale yaliyotuama sehemu ya chini ya kabureta. Breki za ngoma zikilowa hazishiki, hivyo ukitoka majini zibane kidogo kidogo huku unakwenda hadi zipate joto.

Sasa mwili. Anayeanza hushika usukani kwa nguvu zote, hukaa mbele, na hutazama tope lililo chini ya gurudumu. Yote matatu yanamwangusha. Gurudumu la mbele kwenye tope hutikisika kushoto na kulia likitafuta njia. Likiachiwa nafasi hurudi lenyewe kwenye mstari, likibanwa huchagua upande mmoja na kwenda nao. Uzito uhamie nyuma ili la mbele lielee na la nyuma libonyee hadi kwenye udongo mgumu ulio chini. Simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tangi, mikono ilegee. Shika gia ya pili badala ya ya kwanza, maana ya kwanza humwaga nguvu kwa mshtuko na tairi huanza kuzunguka bure. Breki ya mbele isahau. Macho yatangulie mita 10 au 15 mbele, na ukishachagua mfereji usijaribu kuuhama katikati.

Neno moja juu ya kukwama, kwa kuwa kila mtu atakwama. Tairi likianza kuzunguka bila kwenda, kata mafuta mara moja. Sekunde tatu za kung'ang'ania huzamisha gurudumu hadi ekseli. Shuka, ilaze pikipiki ubavuni, shimo lililobaki lijaze matawi makavu na mawe, isimamishe, toka. Kwenye barabara ya Buta wapitao hushika pikipiki ya mwenzao bila kuombwa. Hata mabingwa hukwama na kusaidiana: mwaka 2015, katika mbio za Erzberg huko Austria, miongoni mwa zilizo ngumu zaidi duniani, waliokuwa wakiongoza walikwama kwenye mwinuko mmoja msituni. Walivutana na kusukumana hadi wote wanne wakatoka, na wote wanne, Graham Jarvis, Jonny Walker, Andreas Lettenbichler na Alfredo Gomez, wakatangazwa washindi. Ninaliheshimu tukio hilo kuliko ushindi wowote wa mtu mmoja ninaoujua katika mchezo huu.

Je, mashindano yanaweza kufanyika Masako? Ninatamani sana yafanyike, ila yasiingie hifadhini hata kwa mita moja. Njia ya pikipiki ikikatwa kuteremka mlima inakuwa mfereji mvua ya kwanza tu, na tope lote huishia mtoni. Msitu huo tayari unamegwa na mashamba na tanuri za makaa. Iliko nafasi ni kwenye mashamba yaliyolazwa nje ya mpaka, kwa ruhusa ya wenye ardhi na malipo yao, njia ikizunguka kilima badala ya kukipanda moja kwa moja, na ikifungwa baada ya mbio ili majani yaote. Wasimamizi wenye bendera za njano kila kona, kofia ngumu kwa kila mshindani, gari la wagonjwa likiwa tayari kabla ya injini ya kwanza kuwashwa. Bila gari hilo, hakuna mbio.

Madaraja ningeweka mawili. La kwanza liwe la pikipiki za mashindano, kwa watakaozileta. La pili liwe la Boxer na TVS za kazini, mwenye nayo akiiendesha mwenyewe, na gunia la makaa la kilo 50 nyuma, lililofungwa kwa mpira kama linavyofungwa kila siku. Atakayeangusha gunia atalifunga tena ndipo aendelee, na saa haimsubiri.