Je, Wajua? Mgongo wa punda una kipimo chake

Sampson, farasi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1846, anatajwa kuwa farasi mrefu kuliko wote waliowekwa kwenye kumbukumbu: karibu mita 2.19 mabegani. Tandiko la farasi wa kawaida lisingemkaa.

Huku Karatu na Ngorongoro, Tanzania, farasi ni adimu. Anayebeba ni punda. Hubeba maji, kuni na mahindi, na familia za Kimasai zinapohama hubeba vyombo vya nyumbani. Naye, ingawa ni mdogo, anastahili tandiko la kipimo chake.

Kwa nini? Uti wa mgongo wa punda una nyama kidogo juu yake. Kamba au mzigo ukiukalia, ngozi huchubuka na kidonda hufuata. Soji nzuri, yaani tandiko la mizigo la punda, ina mito miwili minene, mmoja kila upande, na mfereji katikati, ili uzito ulalie mbavu.

Pima hivi: Funga soji, kisha pitisha mkono katikati, juu ya uti wa mgongo, usibanwe. Mzigo wa kushoto ulingane na wa kulia. Ukishusha, tafuta uvimbe, joto au manyoya yaliyokatika. Mabaka ya nywele nyeupe mgongoni mara nyingi ni alama ya jeraha la zamani.

Kwa mkokoteni: Tumia ukanda mpana wa kifuani, chini ya koo, usiozuia mabega. Kamba nyembamba hukata.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Kabla ya kumlaumu, kagua mgongo wake.