Rangi ya Uzi katika Kufundisha Kroshia

Mwanafunzi anayejifunza mshono mpya wa kroshia mara nyingi hukwama kwa kutoona safu moja inakwishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Uzi wa rangi mbili humsaidia, nao waweza kutayarishwa shuleni.

Uzi mweupe wa pamba, gramu 50, uoshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, maana sabuni iliyobaki hugeuza binzari ya manjano kuwa nyekundu. Vijiko viwili vya binzari iliyosagwa vichemshwe katika lita mbili za maji, mwalimu akisimamia moto. Uzi uloweshwe humo nusu saa, usuuzwe, uanikwe kivulini. Binzari hushika pamba bila shabu, lakini hupauka juani. Wanafunzi waweke kipande kimoja juani na kingine kabatini, kisha wavilinganishe baada ya juma moja.

Safu ya kwanza, yenye vitanzi 15, ifumwe kwa uzi mweupe. Mshono mpya ufumwe juu yake kwa uzi wa manjano. Vitanzi vihesabiwe kila mwisho wa safu. Vikipungua, mwanafunzi atafute mwenyewe alipokiruka kitanzi, afumue na kurudia. Mwalimu anayemfumulia humnyima nusu ya somo.