Al-Hamra: Maandishi Yaliyosalia Ukutani

Ngome ya wafalme wa Granada, huko Hispania, Waarabu waliiita Al-Hamra, yaani nyekundu, kwa rangi ya kuta zake. Muhammad bin al-Ahmar aliianza mwaka 1238. Katika karne ya 14 Yusuf wa Kwanza na Muhammad wa Tano waliipamba, na huyu wa pili ndiye aliyejenga ua wa simba 12 wa marumaru.

Lakini mimi, ndugu msomaji, simba hawanishughulishi sana. Hunistaajabisha maneno yaliyorudiwa kutani humo: Wa la ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu.

Januari 2, 1492, Abu Abdillah, mfalme wa mwisho, aliwakabidhi mji Fernando na Isabel. Mjukuu wao, Carlos wa Tano, akaanza mwaka 1527 kujenga kasri lake ndani ya ngome ile ile. Kwangu jumba hilo ni kama mgeni aliyekalia kitanda cha mwenyeji. Nalo halikuezekwa hata karne ya 20. Mwaka 1812 askari wa Napoleon, wakiondoka, walilipua minara kadhaa kwa baruti.

Maneno yale yangaliko ukutani, na ajuaye Kiarabu huyasoma.