Ngumi ya Saitama, Sifa za King

Stelingi hafi. Kwa maneno hayo mawili watazamaji wa sinema Afrika Mashariki wametulizana roho miaka mingi: hata apigwe vipi, hata atupwe kutoka ghorofani, mwishowe atanyanyuka na adui atalala. Utamu wa sinema ya ngumi umesimama juu ya kujifanya hatulijui hilo. One Punch Man, anime ya Kijapani ya mashujaa na vichekesho, imekataa kujifanya. Mhusika wake mkuu, Saitama, ana kipara na uso kama yai, naye humwangusha karibu kila adui kwa ngumi moja. Kwa hesabu ya kawaida ya utunzi, hadithi kama hiyo ingeishiwa pumzi katika episodi ya pili. Lakini tangu mtunzi ajiitaye ONE aanze kuichora kwenye intaneti mwaka 2009, imeendelea kukua: Yusuke Murata aliichora upya kuanzia 2012, na mwaka 2015 ikaingia kwenye televisheni. Basi ukishaondoa swali la nani atashinda, kinachobaki kumshika mtazamaji ni nini? Hoja yangu ni kwamba kinabaki swali zito zaidi, nalo ni nani atapewa sifa. Katuni hii inapendwa kwa sababu inachekesha pale ambapo watu wengi wameumia: kwenye pengo kati ya kazi anayoifanya mtu na jina analolipata.

Tazama kichekesho kinavyojengwa. Saitama alikuwa kijana asiye na ajira, suti bado mwilini baada ya mahojiano ya kazi yaliyomwendea vibaya, alipomwokoa mtoto kutoka kwa jitu lenye umbo la kaa. Akaamua kuwa shujaa, akafanya mazoezi miaka mitatu hadi nywele zikamtoka: pushapu 100, kuinuka kwa tumbo mara 100, kuchuchumaa mara 100 na kukimbia kilomita 10 kila siku, tena bila kuwasha kiyoyozi, sharti ambalo mtu wa Mombasa mwezi wa Machi anajua uzito wake. Sasa hakuna kiumbe cha kumtisha, ila maisha ni yale yale. Anakaa katika nyumba ndogo na kubana matumizi. Katika pigano lake na jitu liitwalo Kabuto, kinachompandisha hasira si vitisho vya adui. Ni kukumbuka kwamba leo ni Jumamosi na ofa ya dukani imempita. Akienda kujisajili katika Chama cha Mashujaa, anavunja rekodi zote za mtihani wa viungo lakini anaboronga ule wa kuandika. Anapata alama 71, moja tu juu ya kiwango cha kupita, na kutiwa daraja la C, la chini kabisa. Genos, kijana wa chuma anayemwita mwalimu wake, anapata 100 na kupandishwa moja kwa moja hadi daraja la S. Ngumi ya Saitama haina mpinzani, lakini karani husoma karatasi.

Upande wa pili wa pengo hilo yuko King. Waswahili husema debe tupu haliachi kuvuma, na King ndiye debe lenyewe. Yuko daraja la S, anaitwa binadamu mwenye nguvu kuliko wote, na moyo wake ukidunda kwa kishindo, maadui huamini ni mngurumo wa vita na kukimbia. Ukweli ni kwamba moyo unadunda kwa woga. King ni mtu wa kawaida apendaye kucheza gemu, ambaye mara kadhaa alikutwa mahali Saitama alipoua jitu na kuondoka zake. Ana kimo, ana makovu usoni, anafanana na shujaa. Watu wakamvika taji. Pwani yetu inaujua mtego huu tangu kale. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa anachomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti akiwa na upinde wake na kufia pale pale. Watu hawathubutu kusogea kuteka maji. Mji mzima unakaa na kiu kwa kuogopa maiti. Sifa ya Liyongo iliendelea kufanya kazi wakati mwenyewe hana tena pumzi. Tofauti ni kwamba Liyongo aliichuma sifa yake, naye King aliokotewa ya mwingine. Lakini kwa wanaotazama kwa mbali, mshindo ni mmoja.

Kazi isiyo na jina nayo haihitaji kutafutwa Japani. Mwembe Tayari, Mombasa, kando ya barabara ya Jomo Kenyatta, zipo sanamu za askari wa Kiafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Zilisimamishwa miaka ya 1920, pamoja na kumbukumbu za namna hiyo hiyo za Nairobi na Dar es Salaam, na hukumbuka pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Ni kumbukumbu ya watu wengi mno, na haina jina hata la mmoja wao. Wapagazi wale, waliofia njiani kwa maelfu kwa maradhi na uchovu, wameachia mitaa jina la kikosi chao, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, huku majina waliyopewa na mama zao hayaonekani. Na hapo hapo Mwembe Tayari leo, hamali anapanga mizigo ya basi la Nairobi; likifika salama, abiria husifu kampuni na dereva. Mtazamaji aliyekulia katika mji wa bandari, mji unaosimama kwa migongo ya wachukuzi, hahitaji kufafanuliwa daraja la C ni nini.

Tukio linaloikaza hoja hii ni lile la Mfalme wa Kilindi, jitu lililotoka baharini na kuwasaga mashujaa mmoja baada ya mwingine mbele ya raia waliojificha. Mvua inanyesha. Anafika Mumen Rider, shujaa wa daraja la C ambaye silaha yake ni baiskeli. Anajua hawezi, naye anasema hivyo. Anapiga, ngumi haimtikisi adui, anaangushwa, anainuka tena. Saitama anamdaka asianguke chini, kisha anamaliza kazi kwa ngumi moja inayopasua hata mawingu. Katika umati anatokea mtu wa kuwabeza walioshindwa. Saitama angeweza kunyamaza akala sifa zake. Badala yake anajitangaza kwamba ameokota ushindi wa wenzake waliokwisha kumchosha adui. Baadaye anapokea barua za kumwita laghai, na moja ya shukrani, kutoka kwa Mumen Rider. Tenda wema nenda zako tumeisikia utotoni hadi imechakaa masikioni mwetu. Hapa tunaonyeshwa gharama yake.

Wapo watakaosema mzaha mmoja hauwezi kubeba hadithi ndefu. Ungekuwa ni wa ngumi peke yake, ningekubali; lakini ngumi hiyo huchukua sekunde chache, na nafasi iliyobaki hujazwa na wanaogombea vyeo. Wengine watasema kilichovuta watu ni uchoraji, na watatoa ushahidi: msimu wa kwanza ulitengenezwa na studio ya Madhouse chini ya Shingo Natsume, na ule wa 2019 ulipohamia J.C.Staff mashabiki wengi wakalalamika. Ushahidi huo una uzito. Picha ndizo zinazoupa mzaha mapigo yake, jitu likichorwa kila gamba na Saitama akichorwa kama yai. Hata hivyo, Murata mwenyewe, mchoraji mwenye jina, aliomba kuichora kazi ya ONE ilipokuwa bado na michoro ya kienyeji. Utamu ulitangulia ufundi. Mzazi anayehofia damu na vurugu nampa haki yake: kuchorwa hakuifanyi kazi kuwa ya watoto wadogo, na hii si yao. Na anayesema inawadanganya vijana kwamba pushapu 100 zinatosha kumfanya mtu gwiji, amsikilize Genos, ambaye ndani ya hadithi anapinga kwa hasira akisema hayo ni mazoezi ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo anayeitazama One Punch Man kwa ajili ya mapigano ataona ngumi, na ngumi ni tamu. Ila asiiache ikaishia hapo. Amtazame Saitama anayelala usingizi akijua alichokifanya, na amtazame King akitetemeka ndani ya sifa zisizo zake. Kisha, siku atakapopita Mwembe Tayari, asimame kidogo mbele ya sanamu zile na kukumbuka kwamba watu wale walikuwa na majina.